Wadudu Mafuta wa Shamba Lililofungwa

Kazi yetu ilikuwa kupiga miti. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia neno utafiti hufikiria makoti meupe na mashine zenye taa, nami sikuwahi kupewa kimojawapo. Nilikuwa na fimbo. Nililishika tawi kwa mkono wa kushoto, mtafiti akakinga kitambaa cheupe chini yake, kisha nikalipiga pigo moja kavu, la kushtukiza, kwa maana mdudu akipewa nafasi ya kujiandaa hung'ang'ania. Juu ya kitambaa waliporomoka buibui, viwavi, chungu waliokasirika, na wale tuliokuwa tukiwatafuta: wadudu mafuta, ambao vitabuni huitwa vidukari, laini kama matone, wasioweza hata kukimbia vizuri. Mtafiti aliwadonoa kwa ncha ya brashi iliyolowa na kuwatumbukiza ndani ya kichupa cha spiriti. Walirusha miguu kidogo, wakatulia. Mimi nikaandika jina la mmea walikotoka, kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili, kwa mwandiko ambao sikuupata utotoni.

Niliajiriwa Jumatatu, tarehe 3 Februari. Hifadhi ilitaka kujua ni wadudu mafuta gani wanaishi ndani ya msitu wake na kila aina inakula mmea gani, ikatafuta mtu wa vijiji vya pembeni anayeijua mimea na anayeweza kuandika. Nilianza kusoma nikiwa na miaka thelathini na minne, mume wangu akichunga ng'ombe mwenyewe ili nipate kwenda darasani, na nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Cheti changu nilikipeleka mkononi, sikukikunja.

Tulikuwa watatu. Mtafiti alikuwa binti wa mjini, wa umri wa kuwa mwanangu, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuteleza kwenye matope. Wa tatu alikuwa askari wa hifadhi, kijana wa wafugaji wa tambarare za Hanang, aliyetembea na bunduki kwa ajili ya nyati. Siku ya kwanza alinitazama nikipiga tawi mpaka majani yakapukutika.

"Shikamoo, mama. Huo mti umekukosea nini?"

"Marahaba. Haujanipa shikamoo."

"Basi mimi nimesalimika," akasema, akasogea nyuma hatua kadhaa huku amefunika kichwa kwa mikono.

Fimbo hiyo ilikuwa ya marehemu mume wangu. Jumatano, tarehe 6 Novemba ya mwaka uliotangulia, alikwenda ukingoni mwa msitu kumtafuta mtamba aliyepotea, na nyati akamkuta kabla yeye hajamkuta mtamba. Nyati alimchoma pembe chini ya mbavu, akamrusha, kisha akageuka kumkanyaga. Nilimkuta mimi. Nyasi zilikuwa zimelala duara zima kama mahali palipopurwa ngano, na damu ilikuwa imeingia ardhini kiasi kwamba udongo ulishikamana na magoti yangu nilipopiga magoti. Fimbo ilikuwa mbali naye, haina hata mkwaruzo. Sikumwita mtu yeyote mpaka nilipomaliza kumfunga tumbo kwa kanga yangu, kwa sababu sikutaka aonekane vile.

Kwa watu wetu kifo cha kumwaga damu kwa pembe ya mnyama si sawa na kifo cha kitandani. Nyumba ya marehemu hutengwa. Hatukuombana moto na jirani, ng'ombe wetu hawakunywa maji pamoja na wa wengine, mimi sikutakiwa kuvuka mto, na shamba letu lilifungwa: hakuna mguu wa mtu kuingia wala jembe kugusa udongo mpaka kondoo wa utakaso achinjwe. Katekista alikuja, akasali, akasema kwa upande wa kanisa yamekwisha. Majirani waliitikia amina, wakarudi nyumbani kwa njia ya kuzunguka ili wasipite mpakani mwa shamba langu.

Kondoo huyo hutolewa na ndugu wa kiume wa marehemu. Mume wangu alikuwa na ndugu mmoja, shemeji yangu, ambaye shamba lake limepakana na langu. Desemba nilimuuliza, akasema kondoo wake wamekonda. Januari nilimuuliza, akasema wana mimba. Katikati ya Februari, majirani walipokuwa wakipanda maharage, nilimuuliza mbele ya mke wake, akasema, "Shemeji, haraka ya nini? Wewe si umepata kazi ya kuchapa miti?"

Ndipo nilipoelewa. Shamba likipita msimu bila kulimwa, ukoo ungeweza kusema halina mtu. Kikao cha ukoo kiliitishwa kwa Jumamosi, tarehe 12 Aprili, na kila mwanamke kisimani alijua kitakachosemwa humo: shamba liende kwa shemeji, na mimi nirudi kwa kaka zangu Tumati, nikalale kwenye nyumba ambayo niliiaga nikiwa bibi harusi. Kwa mwanamke mwingine huenda hilo lingekuwa pumziko. Mimi nilikuwa nimeing'oa miti ya shamba lile kwa mikono yangu pamoja na mume wangu, kisiki kwa kisiki. Sikuwa na nia ya kumwachia mtu.

Kwa hiyo nilivuka mto bila utakaso, kila asubuhi ya kazi, mchana kweupe, nikiwa nimevaa viatu vyangu vizuri. Walionitazama niliwasalimu.

Msituni nilijifunza kutazama chini ya jani. Palikuwa na vita pale kila siku, na hakuna aliyepiga kelele. Kwenye shina moja la mnafu, kando ya njia ya nyati, wadudu mafuta wa kijani walikuwa wamesongamana, midomo imezama kwenye utomvu, wakizaa huku wanakula. Mtafiti alinieleza kwamba wote ni majike, kwamba hawahitaji dume, kwamba kila mmoja huzaliwa tayari ana mtoto tumboni. Chungu waliwalinda kama wafugaji, wakiwapapasa mgongoni ili watoe maji matamu. Akaja mtoto wa mbawakawa, yule mwekundu mwenye madoa akikomaa, lakini utotoni ni kama mamba mdogo mweusi. Alimshika wa kwanza, akamwinua juu miguu ikining'inia, akamfyonza mpaka akabaki ganda. Jirani yake hakuacha kula. Chungu wakamrukia mbawakawa, wakamvuta huku na huku mpaka mguu mmoja ukachomoka. Pembeni, nyigu mdogo kuliko nukta alikuwa akiwachoma wadudu mafuta mmojammoja na kuacha yai ndani yao. Hao hawakufa siku ile. Walivimba, wakawa rangi ya kahawia kama punje za ulezi, na baada ya siku kadhaa tulimwona nyigu mpya akitoboa mgongo wa mmoja wao na kutokea nje.

"Mama, umenyamaza," mtafiti akasema.

"Naangalia."

"Wengine huchefuka."

"Mimi nimemwona nyati," nikamjibu.

Wiki ya mwisho ya Machi maharage ya kijiji yalianza kujikunja. Shina likawa jeusi kana kwamba limepakwa masizi, majani yakanata vidoleni, maua yakadondoka kabla ya kufunga. Walikuwa wadudu mafuta weusi, wanaong'aa. Shamba la shemeji ndilo lililoanza, kisha la jirani yake, kisha kote hadi barabara ya kwenda Nambis. Watu walimwaga majivu, wakanyunyiza maji ya sabuni, wakanunua dawa dukani. Wadudu waliongezeka. Nami nilionekana kila jioni nikishuka kutoka msituni nikiwa na sanduku la vichupa, na ndani ya vichupa mna wadudu.

Haikuchukua muda. Nilisikia kisimani kwamba mjane amevuka mto na uchafu wa damu, kwamba ameuamsha msitu. Kisha nikasikia jingine lililokuwa baya zaidi kwa kuwa lilikuwa jepesi kueleweka: kwamba binti wa mjini na mimi tunawalea wadudu kwenye vichupa na kuwapanda mashambani, ili watu washindwe na hifadhi ichukue ardhi.

Jumatatu, tarehe 7 Aprili, tulishuka mapema kwa sababu ya mvua. Mtafiti aliomba kuona maharage yaliyoharibika. Alichuma shina moja kwenye shamba la pembeni mwa njia, akalitazama kwa kioo cha kukuzia, akakunja uso. "Hawa hatujawapata msituni hata kwenye mmea mmoja," akasema. "Weusi, miguu myeupe. Hawa wanapenda jamii ya kunde. Msimu wa kiangazi walikuwa wanaishi wapi, mama? Lazima kuna mmea uliobaki kijani."

Kabla sijajibu, aliinua macho akaona shamba langu. Ngwara, aina ya kunde itambaayo, ambayo mume wangu alikuwa hajaing'oa alipokufa, ilikuwa imenyeshewa na mvua za vuli, ikachipua upya, ikatambaa juu ya mabua ya mahindi na kupandana. Hakuna aliyeipalilia, hakuna ng'ombe aliyeila. Ilikuwa kichaka kizima cha kijani, na mtafiti, ambaye hakuna aliyewahi kumweleza chochote, aliingia ndani yake moja kwa moja.

Nilipiga ukelele. Mwanamke aliyekuwa akipita na mzigo wa majani alisimama, akatuona, akautupa mzigo na kukimbia.

Mtafiti alitoka akiwa na mche mkononi. Shina halikuonekana kabisa kwa wingi wa wadudu. Wengine walikuwa tayari wameota mabawa. Aliwatazama, akatazama shamba la shemeji lililo upande unakoelekea upepo, akanitazama mimi.

"Mama, ni hapa," akasema kwa sauti ya chini.

Nilisimama mpakani, ncha za viatu vyangu zikigusa nyasi, wala sikuingia kuangalia. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimevuka mto, lakini pale sikuweza. Nilimwambia tu, "Jumamosi kuna kikao cha ukoo. Utakuja kuwaeleza. Mpaka hapo, funga mdomo." Nilitaka yasemwe kwa utaratibu, mbele ya watu waliokaa.

Hawakusubiri Jumamosi. Jumatano, tarehe 9, askari alikuwa ameitwa upande wa pili wa msitu, nasi wawili tukashuka peke yetu. Wanaume walikuwa wamesimama kwenye kivuko cha mto, mapanga na fimbo mikononi, shemeji mbele yao. Nyuma yake alikuwepo mzee wa ukoo, yule ambaye angeongoza kikao, naye ameshika panga.

Mtafiti alipauka, lakini alikuwa amelelewa vizuri. "Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba," akajibu yule mzee, panga likiwa bado juu. Mtu mmoja nyuma akaguna. Mzee alilishusha panga kidogo, kama mtu aliyesahau kwa nini alilinyanyua.

Shemeji hakuitikia. "Mama wa shule," akaniambia, "umebeba nini?"

"Wadudu, shemeji. Waliokufa."

"Na walio hai umewaweka wapi? Juzi mmeonekana. Huyu ameingia kwenye shamba la damu. Ameingia akiwa na nini, akatoka na nini?"

"Njoo Jumamosi utaambiwa."

"Jumamosi utakuwa Tumati."

Alilinyakua sanduku na kulibamiza kwenye jiwe. Harufu ya spiriti ilipanda, vioo vikatawanyika majini, na kazi yetu tangu Februari ikaelea mbele ya macho yetu kama vumbi. Mtafiti aliinama kuokota. Jiwe lilitoka nyuma ya watu, likampata juu ya sikio, akaanguka kifudifudi kwenye maji. Nilimrukia shemeji. Sitasema nilijitetea, nilimpiga mimi kwanza, kwa fimbo ya kaka yake, shavuni, na ngozi ikapasuka. Aliishika fimbo, akaipokonya, akainyanyua kwa mikono miwili. Nilikinga kwa mkono wa kulia. Nilisikia milio miwili, wa fimbo na wa mfupa, na sikujua upi ulitangulia.

Nilimwinua mtafiti kwa mkono uliobaki, tukapanda ukingo. Damu yake ilinitiririkia shingoni. Walitufuata, hawakukimbia sana, kwa kuwa walijua mwanamke aliyevunjika mkono haendi mbali. Fimbo ya mwingine ilinipata mgongoni, kisha kiunoni. Mbele yangu palikuwa na nyumba yangu, na kabla ya nyumba palikuwa na shamba.

Niliingia.

Ngwara ilinifika kifuani. Nilimvuta mtafiti mpaka katikati, tukaanguka juu ya mabua, na wadudu wakatupanda mikononi na usoni. Nilisubiri pigo. Halikuja. Nilipoinua kichwa niliwaona wote wamejipanga mpakani, pumzi zinawatoka kwa nguvu, vidole vya miguu vimeishia kwenye mstari wa nyasi. Hakuna hata mmoja aliyeuvuka. Kijana mmoja alirusha jiwe, likapotea kwenye majani.

"Toka nje!" shemeji akapaza sauti. Shavu lake lilikuwa linavuja.

"Ingia unitoe."

"Shemeji, nakwambia toka!"

"Wewe si mwanamume? Mke wa kaka yako huyu hapa, mkono mmoja. Ingia!"

Alitazama miguu yake. Nilisimama. Maumivu yalikuwa makubwa kiasi kwamba niliona vizuri zaidi, kila jani peke yake. Nilishika mche wa ngwara kwa mkono wa kushoto, nikaung'oa na mizizi, nikaurusha. Ulianguka miguuni pa mzee. Akaruka nyuma, kisha akainama kuutazama bila kuugusa.

"Baba," nikamwambia, "hao ndio wanaokula maharage yako. Miguu myeupe. Hawakutoka msituni, tumeupiga msitu mzima tangu Februari na hatujawaona. Wamezaliwa humu. Wamekaa humu kiangazi chote kwa sababu ngwara hii haikung'olewa, na haikung'olewa kwa sababu shamba limefungwa. Na nani amelifunga? Niulizeni nilikwenda mara ngapi kuomba kondoo."

Mtafiti, amekaa chini na damu imemfunika jicho moja, alisema, "Wana mabawa sasa. Msipoing'oa wiki hii, watamaliza yaliyobaki." Hakuna aliyemtazama. Walikuwa wanamtazama shemeji.

Mzee aliligeuza lile shina kwa ncha ya panga. Wadudu walitawanyika juu ya chuma. "Kondoo yuko wapi?" akauliza.

"Wamekonda, baba, nilisema..."

"Nimeuliza yuko wapi."

"Nyumbani."

"Wangapi?"

Shemeji alijifuta damu shavuni. Kijana aliyekuwa amerusha jiwe akacheka, cheko fupi la aibu. "Juzi nilimsaidia kuwapeleka malishoni," akasema. "Mikia imewashinda kubeba." Mzee alimpiga kofi kwa kucheka, kisha akalifuta panga kwenye nyasi. Mpaka leo sijui kama alikuwa anafuta wadudu au damu ya binti.

Askari aliporudi alitukuta tungali ndani ya ngwara. Aliwakimbiza waliobaki kwa kitako cha bunduki, akambeba mtafiti mgongoni, akatupeleka hospitali kwa pikipiki ya kukodi. Njiani hakutania hata mara moja. Mtafiti alishonwa, mkono wangu ulifungwa plasta ambayo ilikaa hadi tarehe 23 Mei. Polisi walichukua maelezo. Shemeji alilala kituoni, akatoka kwa dhamana.

Jumamosi, tarehe 12 Aprili, ukoo ulikutana mpakani mwa shamba langu badala ya nyumbani kwa mzee. Shemeji alimleta kondoo mwenyewe, dume mweupe, mwenye mkia wa kuburuta. Alimshika miguu, mzee akamziba pumzi mpaka macho yakatoka, kwa kuwa kondoo wa utakaso hachinjwi kwa kisu mpaka awe ametulia. Alichukua muda mrefu. Kisha tumbo likapasuliwa, na majimaji yake ya kijani yakanyunyizwa juu ya mpaka, juu ya miguu yangu na juu ya plasta. Yalikuwa ya moto.

"Sasa jembe," mzee akasema.

Kwetu, anayelipiga jembe la kwanza baada ya utakaso ndiye mwenye shamba, wala hakuna kikao kinachofuata. Shemeji alikuwa karibu zaidi na jembe, na niliuona mkono wake ukienda. Nilikanyaga mpini. Alinitazama, akautazama mkono wangu uliofungwa, na nadhani aliamini kwamba siwezi. Nililiinua kwa mkono wa kushoto, likanielemea, nikaliachia lianguke kwa uzito wake. Liliingia ardhini nusu tu. Nililichomoa, nikapiga tena.

"Imetosha," mzee akasema. "Imeonekana."

Ndipo wanaume walipovuka mstari, mmojammoja, kila mmoja akivuta pumzi kama anayeingia maji baridi. Waling'oa ngwara, wakailundika, tukaichoma ikiwa mbichi. Moto ulitoa moshi mzito kwanza, kisha ukashika, na wadudu walilipuka ndani yake kwa sauti ya mahindi kikaangoni. Wenye mabawa walipanda juu ya moshi, wakageuka, wakaanguka.

Shemeji alikuwa wa mwisho kubaki nje. Plasta nyeupe ilikuwa shavuni pake, na vipande viwili vya fimbo ya kaka yake vilikuwa kwapani. Mzee alikuwa amemwamuru avirudishe. Alinikabidhi kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, nami nilipokea.

"Niingilie wapi?" akauliza.

Nilimwonyesha kona ya juu, penye ngwara nene kuliko kwingine, chini ya moshi.

"Anza pale, shemeji. Na ung'oe na mizizi."